Mbu wa Kiangazi: Majira, Tabianchi na Wakati wa Kupambana na Malaria



Katika nchi zetu za Afrika Mashariki kila mtu anajua kwamba mvua huleta mbu, na mbu huleta malaria. Ujuzi huo ni wa kweli, na haukungoja maabara. Mkulima wa bonde la Kilombero anajua kwamba masika yakikolea watoto wataanza kuugua. Muuguzi wa zahanati anajua kwamba mvua zikielekea ukingoni foleni yake itafika nje ya mlango. Sikuja kuupinga ujuzi huo. Nasema tu kwamba ukiachwa ulivyo unatuingiza katika kosa la wakati: tunaamka mbu wakiwa wengi, tunalala wakiwa wachache. Nitajaribu kuonyesha kwamba majira na tabianchi huwatawala mbu wa malaria zaidi kwa muda kuliko kwa wingi wa mvua. Muda huo ni wa namna mbili: siku ambazo maji hukaa ardhini, na siku ambazo mbu huishi. Anayelikubali hilo atalazimika kukubali na la pili, kwamba kipindi chenye uzito kuliko vyote katika mwaka wa mbu ni kiangazi, wakati ambapo hakuna anayemfikiria.

Tuanze na maji. Mbu jike wa anofelesi hutaga mayai juu ya maji, moja moja, na mayai hayo huanguliwa baada ya siku mbili au tatu. Kiluwiluwi hukua kwa hatua nne, hugeuka pupa, kisha mbu kamili huruka. Kwa joto la nyanda zetu za chini safari hiyo yote huchukua kati ya siku 7 na 14. Katika maji baridi ya milimani huenda ikazidi wiki tatu. Kwa hiyo kidimbwi kinachokauka siku ya tano hakizai mbu hata mmoja, hata kama kilijaa viluwiluwi tele. Kinachodumu wiki mbili kinazaa. Kinachodumu miezi sita kinazaa mbu wa aina nyingine kabisa, ambao nitawarudia. Anopheles gambiae, mbu aliye maarufu kuliko wote katika bara letu, hupenda vidimbwi vidogo vilivyo wazi juani: alama ya kwato za ng'ombe, njia ya matairi kwenye tope, shimo la kufyatulia matofali. Mvua ya wastani inayonyesha kwa vipindi, jua likichomoza katikati, humwandalia makazi hayo kila wiki. Mvua kubwa ya mfululizo humharibia. Watafiti waliochunguza viluwiluwi magharibi mwa Kenya na kuchapisha matokeo yao mwaka 2007 walikuta kwamba usiku wa mvua viluwiluwi hupotea kwa wingi kuliko usiku mkavu, na wachanga hupotea zaidi kuliko wakubwa. Wengine husukumwa nje na maji yanayofurika, wengine hufa humo humo kwa kupigwa na matone.

Ushahidi mzito zaidi wa jambo hili tuliupata bila kuutaka, katika mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998. Wengi mnazikumbuka kwa madaraja yaliyosombwa na barabara zilizokatika. Ilikuwa mvua ya mfumo mmoja wa hali ya hewa, iliyonyesha katika eneo moja la dunia, lakini katika habari ya malaria ilileta matokeo yanayopingana. Wajir, kaskazini mashariki mwa Kenya, nchi kame na tambarare, malaria ililipuka mwanzoni mwa 1998 na kuua watu wengi, kwa kuwa maji yalituama mahali ambapo kwa kawaida hayatuami, na watu wa huko hawakuwa na kinga ya mwili inayojengwa na kuumwa mara kwa mara. Kabale, katika vilima vya kusini magharibi mwa Uganda, wagonjwa waliongezeka vilevile. Lakini katika milima ya Usambara, ambako mvua ilifika karibu mara mbili na nusu ya kawaida, watafiti walipima na kukuta malaria iko chini kuliko mwaka uliotangulia. Maelezo yanayoelekea kuwa sahihi ni kwamba katika miteremko ile maji mengi kupita kiasi yalifagia mazalia badala ya kuyajaza. Natamani kila afisa anayeandika katika mpango wake kwamba mvua nyingi ni malaria nyingi aiweke mifano hii mitatu mezani kabla ya kutia saini. Milimita za mvua hupimwa na kituo cha hali ya hewa. Siku ambazo maji yanakaa huamuliwa na mteremko, udongo, na kazi za mikono ya watu.

Sasa tuje kwenye muda wa pili, umri wa mbu, na hapa ndipo joto linapoingia. Mbu anayezaliwa leo hana malaria. Lazima kwanza amuume mtu mwenye vimelea, vimelea hivyo vikomae tumboni mwake, vihamie kwenye tezi za mate, ndipo aweze kumwambukiza mtu mwingine. Kanuni inayotumika tangu miaka ya 1960 inasema kwamba vimelea vya Plasmodium falciparum, aina inayoua zaidi barani Afrika, havikomai joto likiwa chini ya nyuzi 16, na juu ya hapo vinahitaji jumla ya nyuzi 111 za ziada, zikikusanywa siku baada ya siku. Kwenye nyuzijoto 25 kila siku ina ziada ya nyuzi 9, kwa hiyo vinakomaa kwa siku 12. Kwenye nyuzi 20 vinahitaji siku 28. Kwenye nyuzi 18 vinahitaji siku 55. Tuchukue basi mbu 1,000 waliobeba vimelea kwa siku moja, na tuseme kila siku mmoja katika kila kumi hufa, kiwango ambacho si cha kubuni tu. Siku ya 12 watakuwa wamebaki kama 280, wote wakiwa hatari. Siku ya 28 watabaki 52. Siku ya 55 watabaki watatu. Mbu ni wale wale, mvua ni ile ile; nyuzi saba za joto zimewatoa watu kutoka kwenye hatari ya kila usiku hadi kwenye hatari ya nadra.

George Macdonald, katika kitabu chake cha mwaka 1957 kuhusu epidemiolojia ya malaria, ndiye aliyeifanya hesabu ya namna hii kuwa msingi wa fikra nzima ya udhibiti, na hitimisho lake bado linasimama: kupunguza urefu wa maisha ya mbu kuna faida kubwa kuliko kupunguza idadi yake kwa kiasi hicho hicho. Wanasayansi waliofanya kazi Amani na Muheza, mkoani Tanga, waliithibitisha kwa subira kubwa. Gillies na Wilkes, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1965, waliwapasua mbu mmoja mmoja na kuangalia mifuko ya mayai ili kujua kila mmoja ametaga mara ngapi, yaani ameishi kiasi gani. Ni kazi inayostahili kusomwa na kila mwanafunzi wa afya nchini, kwa sababu swali lililoulizwa pale Muheza, mbu huyu ana umri gani, lina maana kuliko swali tunalouliza kila siku, mbu ni wangapi.

Kutokana na hesabu hiyo tunaelewa kwa nini milima ni mahali pa kuangaliwa kwa makini dunia inapoongezeka joto. Penye nyuzi 18, kuongezeka kwa nyuzi moja na nusu tu kunapunguza muda wa kukomaa kwa vimelea kutoka siku 55 hadi siku 32. Penye nyuzi 26 ongezeko hilo hilo linapunguza kama siku moja na nusu tu. Mwaka 1958 Ethiopia ilipata pigo ambalo bado linatajwa katika vitabu: baada ya kipindi cha mvua na joto visivyo vya kawaida, malaria ilipanda nyanda za juu na kuwashika watu wanaokadiriwa kufika milioni 3, na waliokufa walikadiriwa kuwa 150,000. Watu wale hawakuwa dhaifu. Walikuwa wameishi miaka mingi mahali ambapo mbu hufa kabla vimelea havijakomaa, na mwaka mmoja ukabadilisha hesabu.

Kuna wanaosema kwamba habari ya joto na milima imetiwa chumvi, na hoja yao haifai kupuuzwa. Mwaka 2002 kundi la watafiti mashuhuri lilichapisha uchambuzi wa maeneo kadhaa ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, Kericho ikiwamo, na kusema kwamba halikuona badiliko la maana la joto katika miaka ambayo malaria iliongezeka. Wakaelekeza kidole kwenye usugu wa vimelea dhidi ya klorokwini. Kuhusu klorokwini walikuwa sahihi. Dawa iliyoacha kufanya kazi huacha vimelea vingi katika damu za watu, na mbu hupata cha kuchukua. Kuhusu joto, data zilipoongezewa miaka na kuchambuliwa upya mwaka 2006, mwelekeo wa kupanda ulionekana, na vipimo vya kituo cha Kericho vilivyosahihishwa na kuchapishwa mwaka 2011 vilionyesha ongezeko la takriban nyuzi 0.2 kwa kila muongo. Mwaka 2014 uchambuzi mwingine wa Ethiopia na Colombia ulionyesha kwamba katika miaka yenye joto wagonjwa hupatikana juu zaidi mlimani kuliko katika miaka ya baridi. Naona pande zote mbili zilishika sehemu ya ukweli. Joto hufungua mlango. Dawa mbovu, misitu iliyofyekwa na mabonde yaliyogeuzwa mashamba ndiyo yanayoamua nani ataingia na kwa wingi gani.

Wala tusidhani kwamba joto likizidi malaria huzidi bila mwisho. Utafiti wa mwaka 2013, ulioweka pamoja jinsi kila sehemu ya maisha ya mbu na kimelea inavyoitikia joto, ulionyesha kwamba uambukizaji hufikia kilele karibu na nyuzi 25, chini kuliko ilivyodhaniwa awali, na hupungua sana joto likivuka nyuzi 28. Mbu wenyewe hukauka na kufa mapema. Maana yake ni kwamba baadhi ya sehemu zenye joto kali za Sahel zinaweza kupata nafuu kiasi, huku nyanda za juu za Afrika Mashariki, zenye watu wengi na ardhi nzuri, zikisogezwa kuelekea kwenye joto analolipenda kimelea. Kwetu sisi hiyo si habari ya kufariji.

Nimefika sasa kwenye kiini cha mhadhara. Kama mbu anahitaji maji yaliyotuama na maisha marefu kiasi, anakwenda wapi miezi ile ambapo ardhi imepasuka, upepo ni mkavu, na hakuna kidimbwi njiani? Swali hili limewasumbua watafiti kwa zaidi ya nusu karne, na jibu lake halifanani kila mahali. Katika vijiji vya Sahel nchini Mali, ambako ukame hudumu miezi kati ya saba na minane, imeonekana kwamba baadhi ya mbu hujificha na kuishi kwa kupunguza shughuli za mwili hadi mvua zirudi. Jike mmoja aliyetiwa alama kabla ya ukame alikamatwa tena miezi saba baadaye, wakati maisha ya kawaida ya mbu ni wiki chache. Aina nyingine hazijifichi. Watafiti waliorusha mitego kwa maputo huko huko Mali waliwanasa mbu wa anofelesi kati ya mita 40 na mita 290 kutoka ardhini, wakibebwa na upepo wa usiku, na ripoti yao ya mwaka 2019 ilibadilisha jinsi tunavyofikiria umbali ambao mbu anaweza kusafiri.

Kwetu picha ni tofauti, na kwa maoni yangu inatupa matumaini zaidi. Bonde la Kilombero ni ardhioevu ya kilomita za mraba kama 7,000, hufurika masika na kukauka sehemu kubwa kiangazi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 ulikuta kwamba mbu wa bonde hilo hawalali wala hawasubiri upepo. Huendelea kuzaliana kiangazi chote, lakini katika maeneo machache tu, na kila aina ina kwake: Anopheles funestus kandokando ya bonde, Anopheles arabiensis katikati kwenye mto, Anopheles gambiae katika sehemu zenye misitu na mvua nyingi. Mvua zikirudi husambaa kutoka huko na kulijaza bonde upya. Jeshi lote la masika, basi, hutokana na mabaki ya kiangazi. Mbu mmoja anayetaga Septemba katika kijito kinachotiririka taratibu ana thamani, kwa kizazi chake, kuliko mamia wanaotaga Aprili katika vidimbwi ambavyo vitakauka au kufurika.

Naomba tumtazame kwa karibu huyo Anopheles funestus. Yeye ndiye mbu wa maji yanayodumu. Uchunguzi uliofanywa katika wilaya za Kilombero na Ulanga na watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara ulionyesha kwamba viluwiluwi wake hupatikana zaidi katika vidimbwi vya chemchemi vyenye kingo dhahiri, mabwawa ya kiasi yanayobaki na maji karibu mwaka mzima, na vijito vinavyokwenda polepole vyenye majani pembeni. Idadi yake hupanda mvua zinapoisha na kuendelea hadi kiangazi, wakati gambiae na arabiensis wanapungua. Hupendelea sana damu ya binadamu, hupumzika ndani ya nyumba, huishi muda mrefu, na dawa za pairethroidi zilizotumika kwenye vyandarua hazimwui kirahisi tena. Katika vijiji vilivyochunguzwa kusini mashariki mwa Tanzania mwaka 2015 na 2016, alipatikana kwa uchache kuliko arabiensis katika mitego, lakini zaidi ya asilimia 80 ya kuumwa kunakoambukiza kulitokana naye. Anayehesabu mbu wa masika atamwona arabiensis na kumlaumu. Anayetafuta aliyebeba vimelea atamkuta funestus.

Tabia hizo hizo zinazomfanya awe hatari ndizo zinazomweka wazi. Anategemea maji machache yanayojulikana na kuta za nyumba. Mradi wa malaria wa Pare na Taveta, katikati ya miaka ya 1950, ulipulizia dawa ya dieldrini majumbani, na funestus akatoweka katika nyumba zile kwa kiwango ambacho wenzake hawakufikia. Upuliziaji uliposimamishwa alichelewa kurudi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza viuadudu vya kuua viluwiluwi vitumike pale ambapo mazalia ni machache, hayahamihami na yanaonekana kwa urahisi. Masika hakuna wilaya hata moja ya vijijini inayotimiza sharti hilo, kwa kuwa kila unyayo ni zalia. Agosti na Septemba wilaya nyingi zinalitimiza. Mtu mwenye baiskeli na bomba la mgongoni, akiwa na ramani ya chemchemi na vijito vya kata yake, anaweza kuyafikia yote.

Zipo hoja za kupinga, na ninazichukua kwa uzito. Ya kwanza inatoka Muheza kwenyewe. Watafiti wa Tanzania na Denmark walitega mbu kwa miaka zaidi ya kumi katika vijiji vya huko na kukuta idadi ikiporomoka bila juhudi kubwa ya kuwaangamiza: mwaka 2004 walinaswa zaidi ya mbu 5,300 wa malaria, mwaka 2009 walinaswa 14. Mtu anaweza kuuliza: kama tabianchi yenyewe inawaondoa, tunahangaikia nini? Watafiti wale walitaja mvua zisizofuata tena mpangilio wake kama sehemu ya maelezo inayowezekana, ingawa waliona kwamba haitoshi peke yake. Mimi naisoma habari hiyo kinyume na mpingaji. Mvua iliyovurugika inakata mfululizo wa maji ambao mbu anauhitaji, na mfululizo ukikatika hata kwa wiki chache katika msimu mbaya, idadi huanguka kwa kasi ya kushangaza. Asili imetuonyesha mahali pa kukata. Lakini asili haitoi hakikisho, na mvua ikitulia tena mahali ambapo watu wamepoteza kinga, kurudi kwa ugonjwa kutakuwa kukali.

Ya pili inatoka kwenye majaruba. Ikiwa maji ya kudumu ndiyo tatizo, mbona vijiji vya umwagiliaji wa mpunga vya Moshi ya chini vilikuwa na mbu wengi mara kadhaa kuliko kijiji cha savana kilicholinganishwa navyo, na bado malaria ilikuwa kidogo? Jambo hili lilipimwa vizuri na kuchapishwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mbu wa majaruba yale alikuwa arabiensis, ambaye hunywa sana damu ya ng'ombe. Na watu wa vijiji vya mpunga walikuwa na kipato cha kununua vyandarua na dawa. Hapo tena wingi wa mbu umeshindwa kutabiri ugonjwa. Sijasema maji yote ya kiangazi ni sawa. Nasema yachunguzwe, aina ya mbu ijulikane, ndipo dawa ielekezwe.

Ya tatu ni ngumu zaidi: maji ya kiangazi ni uhai wa watu. Kinamama wa mabondeni hulima mchicha na nyanya katika vinyungu, yaani bustani za ardhi yenye unyevu, wafugaji huchimba malambo, vijana hufyatua matofali. Hakuna mwenye haki ya kuwaambia wafukie. Lakini hatulazimiki kuchagua kati ya mboga na watoto. Viuadudu vya kibayolojia, vinavyotokana na bakteria wanaoua viluwiluwi pasipo kudhuru samaki, mifugo wala watu, vinatengenezwa Kibaha, mkoani Pwani, katika kiwanda kilichojengwa kwa ushirikiano na Cuba. Kinyungu kinabaki, maji yanabaki, mbu hatoki.

Nakiri kwamba hoja yangu inapungua nguvu mahali ambapo kiangazi hakikauki, kama sehemu za Kagera na kandokando ya Ziwa Victoria. Huko dawa ukoko kwenye kuta na vyandarua vitabaki kuwa nguzo, na hata kwingine sishauri mtu atundue chandarua chake kwa sababu mvua zimekwisha. Kinyume chake, funestus wa Julai huuma usiku ambao familia nyingi zimekwisha kunja vyandarua kwa kuona mbu wamepungua kelele.

Na kuna mgeni anayeizidisha haja ya kufikiri hivi. Anopheles stephensi, mbu wa miji ya Asia ya kusini, alionekana Djibouti mwaka 2012, akafika Ethiopia, Sudan na Somalia, na mwishoni mwa 2022 akapatikana Kenya, katika kaunti ya Marsabit. Yeye hutaga kwenye matanki, mapipa na visima vya ujenzi, maji ambayo watu huyahifadhi hasa mvua isiponyesha. Djibouti ilikuwa na wagonjwa 27 mwaka 2012. Mwaka 2020 ilihesabu zaidi ya 73,000. Mwaka 2022 Dire Dawa, Ethiopia, ilipata mlipuko katika kipindi cha ukame. Miji yetu ya pwani, yenye mgawo wa maji na matanki kila paa, haiwezi kuitegemea mvua iwe kengele ya kuiamsha.

Ombi langu ni la utawala zaidi kuliko la sayansi. Mwaka wa fedha wa serikali ya Tanzania huanza tarehe 1 Julai, mvua zikiwa zimekwisha na mbu wakiwa wanajikusanya kwenye maji yao machache. Fedha za viuadudu zikifika halmashauri Julai, kazi inaweza kufanyika Agosti hadi Oktoba. Zikifika Desemba, zitamwagwa kwenye vidimbwi visivyo na idadi. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa vuli na wa masika kabla ya kila msimu. Utabiri huo usomwe na waganga wakuu wa wilaya kwa bidii ile ile inayowekwa na maafisa kilimo. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii waanze mwaka huu kuorodhesha kila chemchemi, kila kijito na kila lambo linalobaki na maji mwezi wa Septemba katika kata zao, na madiwani waiombe orodha hiyo ndani ya vikao vyao kabla hawajapitisha bajeti ijayo.